Wingi wa wageni si kipimo cha Gombe

Wapo wanaoamini kwamba Gombe, makazi ya sokwe mkoani Kigoma yaliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, imedorora kwa kuwa haifuriki watalii kama Serengeti. Dhana hiyo, ambayo husahau kwamba Gombe hufikiwa kwa boti tu, inapuuza jambo zito zaidi, nalo ni afya ya sokwe. Kwa jinsi walivyo karibu na binadamu kimaumbile, sokwe huambukizwa maradhi yetu: mwaka 1966 polio iliwashambulia sokwe wa Gombe, baadhi wakafa na wengine wakabaki na viungo vilivyopooza, na hata mafua ya mgeni mmoja yanaweza kuwaua. Ndiyo maana makundi ya wageni huwa madogo, na muda wa kuwatazama sokwe huwekewa kikomo cha saa moja.

Mgeni mmoja anayelala siku tatu, akala migebuka ya Ziwa Tanganyika na kumlipa nahodha wa hapahapa, huenda akaiachia Kigoma fedha nyingi kuliko watano wanaopita mchana mmoja wakiwa na chakula chao mkononi, ingawa kwenye takwimu za wageni ataandikwa kichwa kimoja tu.