Taa za nyuma zikifanya vituko, anza na ethi

Magari-nyumba ya zamani yanayopita Arusha na wasafiri kutoka Ulaya hunijia na lalamiko moja kuliko mengine yote: ukiwasha indiketa, taa ndogo ya nyuma nayo inakonyeza, ukikanyaga breki, taa zinafifia badala ya kuwaka. Mara nyingi mwenye gari ameshanunua balbu, fyuzi, hata relei ya indiketa. Inaniuma kuona mtu akimaliza pesa hivyo, maana umeme unafika kwenye taa vizuri kabisa. Kinachokosekana ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri.

Kwenye gari la kawaida, bodi ya chuma ndiyo inayorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Gari-nyumba nyingi za miaka ya 1980 zina kabini ya chuma mbele tu. Huko nyuma ni fremu ya mbao iliyovikwa bati la alumini au faiba. Kwa hiyo taa za nyuma hutegemea waya wa ethi unaoshuka hadi kwenye chasisi na kufungwa kwa bolti. Bolti hiyo iko chini ya gari, inapigwa maji na tope, na kule Ulaya wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi. Kutu ikiingia kati ya terminali (kichwa cha chuma cha waya) na chasisi, umeme wa indiketa yenye balbu ya wati 21 hukosa pa kutokea, ukapenya kinyumenyume kwenye balbu ya wati 5 ya taa ndogo, ukafuata waya wake hadi kwenye taa za mbele na kupata ethi huko. Ndiyo maana taa ambayo hukuiwasha inakonyeza.

Hapa multimita, kile kipimo cha umeme, hudanganya wengi. Ukiiweka kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa waya) na kupima waya wa ethi, itakuonyesha karibu sifuri hata kama umebaki uzi mmoja wa shaba. Uzi huo unatosha kwa mita, hautoshi kwa taa. Pima volti, na upime taa zikiwa zimewaka. Weka ncha nyeusi kwenye hasi ya betri yenyewe, nyekundu kwenye bati la ethi ndani ya taa, halafu mwenzako awashe taa zote na kukanyaga breki. Ukiona chini ya volti 0.2, ethi ni nzima. Ukiona volti 3 au 4, ugonjwa umeupata, na hizo ndizo volti ambazo balbu inadhulumiwa.

Kabla ya kufungua chochote, chomoa waya wa umeme wa volti 230 kama gari limechomekwa kambini, kisha toa terminali ya hasi ya betri. Fungua bolti, piga msasa chasisi na terminali mpaka chuma king'ae. Waya ukiwa umegeuka mweusi ndani ya plastiki, kata mpaka ufikie shaba nyekundu na ubane terminali mpya. Weka washa (pete ya bolti) yenye meno, kaza, na grisi ipakwe juu baada ya kukaza. Binafsi huongeza waya wa pili wa milimita 2.5 za mraba, kutoka kwenye taa moja kwa moja hadi sehemu safi ya chasisi. Bei yake ni ndogo mno kulinganisha na ajali ya usiku.

Ukiwa bado chini ya gari, tazama na ule mkanda wa shaba unaounganisha injini na chasisi. Ukikatika, umeme wa stata hutafuta njia kwenye kebo ya mafuta au ya klachi, na nimekuta kebo za namna hiyo zimeungua plastiki yake. Ukisharudisha terminali ya betri, pima kati ya injini na hasi ya betri wakati mtu anapiga stata: ikizidi volti 0.5, badilisha mkanda huo kabla gari halijaondoka.