Je, msimu wa kwanza unatosha kumpima kocha mpya wa kikapu chuoni?

Mashabiki wengi wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu Marekani huamini kuwa kocha mzuri huonekana msimu wake wa kwanza.

Matarajio hayo yanaeleweka: uwanjani wanaingia watano tu, na mchezaji mmoja hodari hubadili mengi. Lakini kwa kawaida kocha huajiriwa Machi au Aprili, wanafunzi wengi wa sekondari wakiwa wameshachagua vyuo. Tangu 2021, kanuni za uhamisho zilipolegezwa, wachezaji wengi huondoka kocha anapobadilika. Pengo huzibwa na wageni wasiozoeana, na ulinzi, unaotaka kuitana na kusaidiana, ndio huchelewa kukaa sawa.

Ukitaka kupima mwenyewe, usiishie kwenye ushindi. Chukua idadi ya mitupo ya kawaida, toa ribaundi za kushambulia (mipira ambayo timu imeidaka tena baada ya mtupo wake kukosa), jumlisha mipira iliyopotezwa, kisha ongeza mitupo huru (ile ya baada ya faulo) mara 0.475. Hayo ndiyo mashambulizi, yaani mara ambazo timu ilimiliki mpira. Mfano, ukiwa na mitupo huru 20: 60 − 10 + 12 + 9.5 = 71.5. Pointi 75 hapo ni takriban 105 kwa mashambulizi 100. Wapigie wapinzani hesabu hiyohiyo, ukilinganisha Januari na mwishoni mwa Februari, uone kama ulinzi umeimarika. Novemba, msimu unapoanza, iache, kwani timu kubwa hualika sana timu dhaifu.