Rejea ni nini? Jina, uzi na samaki wa udongo

Vijana ninaowafundisha programu hapa Ujiji hukwama mahali pamoja kila mara. Masharti ya "kama" na "la sivyo" hawayaogopi, na marudio wanayapenda. Kinachowatoa jasho ni mistari hii minne ya Python, lugha ya kuandikia programu:

samaki = ["mgebuka", "dagaa"]
mzigo = samaki
mzigo.append("kuhe")
print(samaki)

Kompyuta inajibu: mgebuka, dagaa, kuhe. Wanakunja uso. Kuhe tumemtia kwenye mzigo, sasa huku kwenye samaki kafikaje? Kuna aliyeniambia kwa dhati kabisa kwamba mashine ina virusi.

Haina. Kasoro iko kwenye picha tunayowapa siku ya kwanza, kwamba jina katika programu ni sanduku na thamani imo ndani. Kwa picha hiyo, mstari wa pili ungechukua vilivyomo kwenye sanduku moja na kujaza mfano wake kwenye jingine, kila mtu akabaki na chake. Python haifanyi hivyo. Jina ni karatasi iliyofungwa uzi, na mwisho wa uzi huo kuna kitu kimekaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Uzi huo ndio rejea. Mstari wa pili haukuleta samaki wapya, umefunga uzi wa pili kwenye kitu kilekile.

Ukieleza hivyo kwa mdomo wanaitikia kwa kichwa tu, kesho wamesahau. Kwa hiyo siku ya somo hili nafika na udongo. Mama mmoja mfinyanzi huniuzia bonge la ukubwa wa nazi, nalifunika gunia bichi lisikauke njiani. Nafinyanga samaki mezani, wa kuchekesha maana mkono wangu si wa ufundi. Namfunga nyuzi mbili mkiani, na kila uzi una karatasi yake: moja imeandikwa "samaki", nyingine "mzigo". Kijana wa kwanza anashika karatasi ya "mzigo", anafuata uzi mpaka mwisho, anambonyeza samaki tumboni. Wa pili anaanzia karatasi ya "samaki". Anakuta tumbo limebonyea na alama ya kidole cha mwenzake bado mbichi. Hapo huwa sisemi neno.

Wenyeji wa Ujiji tuna mfano mwingine mlangoni kwetu. Kwenye makumbusho ya Livingstone kuna sanamu za yeye na Stanley, ukumbusho wa kukutana kwao mwaka 1871. Huyo Stanley alizaliwa Wales mwaka 1841 akiitwa John Rowlands. Henry Morton Stanley ni jina alilojipatia ukubwani huko Marekani, na baadaye kule Kongo akaitwa Bula Matari, mvunja mawe. Majina matatu, mwili mmoja. Homa ikimshika Rowlands, anayetetemeka ni Stanley. Hizo ni rejea tatu za kitu kimoja. Sanamu yake ni habari nyingine: ni nakala. Hata kama angekuwa hai leo, ukiinyofoa pua sanamu, yeye asingeshtuka. Pale uani kuna pia miembe inayosemekana kutokana na vipandikizi vya ule mwembe waliokutania chini yake siku ile. Hiyo nayo ni nakala, maana ukikata tawi la mmoja, mwingine hauna habari.

Kutokana na hapo unaelewa kwa nini Python ina maswali mawili yanayoonekana kama moja. Ukiandika == unauliza kama vitu viwili vinafanana. Ukiandika is unauliza kama ni kimoja. Kulwa na Doto wanaweza kufanana mpaka mama yao akachanganya, na kwa swali la kwanza jibu ni ndiyo. Kwa swali la pili jibu ni hapana, kwa sababu Kulwa akila Doto hashibi.

Si kila kitu hubonyezeka, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa kwa mara ya pili. Udongo mbichi unakubali kidole. Chungu kilichokwisha pita motoni hakikubali, ukitaka chenye mdomo mpana zaidi utafinyanga kingine. Orodha za Python, kama ile ya samaki hapo juu, ni udongo mbichi. Namba na maneno ni vyungu vilivyochomwa. Ukiwa na mji = "Kigoma" kisha ukaandika mji = mji.upper(), hujalikuza neno la kwanza. Umetengeneza neno jipya lenye herufi kubwa, ukafungua uzi wa "mji" kutoka kwenye chungu cha zamani na kuufunga kwenye kipya. Mwenye uzi wake kwenye kile cha zamani bado anacho, kizima. Hii ndiyo sababu picha ya sanduku huishi miaka: kwa namba haikuumbui hata siku moja. Inakungoja kwenye orodha.

Mimi iliniumbua mwaloni, pale mitumbwi inapotua. Nilimwandikia tajiri mmoja mwenye mitumbwi ya dagaa programu ndogo ya hesabu. Orodha moja ilikuwa ya tarehe, nyingine ya ndoo zilizotua kila usiku, zikienda sambamba. Akataka kuona usiku uliolipa kuliko zote, nikaandika kazi, yaani kipande cha programu chenye jina lake (function), inayopokea orodha ya ndoo, inaipanga kwa sort() kutoka kubwa kwenda ndogo na kuchapa tano za mwanzo. Ikafanya vizuri, nikaondoka kifua mbele. Jioni akanipigia: "Mwalimu, usiku wa mbalamwezi nimevua wapi ndoo arobaini?" Mbalamwezi ikiwa kamili, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi hulala ufukweni. Siku hizo ziliandikwa sifuri. Sasa sifuri zote zilikuwa zimeteremka mwisho wa mwezi na ndoo zimepanda juu, tarehe zikibaki palepale. Nilidhani nimeipa ile kazi nakala ya kuchezea, kumbe nimeipa ncha ya uzi, nayo ikaenda kupanga udongo wenyewe. Dawa ilikuwa sorted(), inayotengeneza orodha mpya na kuiacha ya kwanza kama ilivyo.

Mtu atauliza kwa nini lugha isinakili kila kitu, yaishe. Ni gharama. Orodha ya watu milioni moja ukiinakili kila inapopita kwenye kazi, kumbukumbu inajaa na mashine inatambaa. Uzi ni mwepesi hata kama sanamu ina uzito wa kontena. Katika lugha nyingine ya programu, C, kwa kiasi kikubwa jina ni sanduku kweli, na anayetaka uzi anauomba kwa alama yake. Lugha ya Java inachanganya: namba za kawaida zimo sandukuni, vitu vingine vinashikwa kwa uzi. Kwa hiyo aliyekufundisha sanduku huenda alikuwa anatokea huko, usimseme vibaya.

Nakala nazo zina aina mbili, na Kiswahili kimetupa maneno yake bila jasho. Orodha ichukulie kama sinia lenye nyuzi tatu, kila uzi umefungwa kwenye samaki wa udongo. Ukitumia copy() unapata sinia jipya lenye nyuzi zake tatu, lakini zinakwenda kwa samaki walewale. Ukiongeza uzi wa nne kwenye sinia jipya, la zamani halijui. Ukimbonyeza samaki mmoja, masinia yote mawili yana samaki aliyebonyea. Hiyo ni nakala ya juu juu. Nakala ya kina, inayopatikana kwa deepcopy, hufuata kila uzi na kufinyanga kila samaki upya. Inachukua muda, na mara nyingi huihitaji, ila orodha yako ikiwa na orodha nyingine ndani yake, jiulize kwanza.

Halafu kuna del, amri ya kufuta jina. Vijana wakiandika del mzigo wanatazama kama samaki kavunjika. Hajavunjika, uzi mmoja tu umekatwa na karatasi imetupwa. Python inayotumiwa na wengi huweka hesabu ya nyuzi zilizofungwa kwa kila kitu: mbili, moja, sifuri. Ikifika sifuri, hakuna tena njia ya kumfikia yule samaki, na nafasi yake inarudishwa kwa matumizi mengine. Mezani kwangu nafanya hivyohivyo. Uzi wa mwisho ukikatwa nampondaponda, namtia maji kidogo, narudisha bonge chini ya gunia kwa darasa la kesho.