Nani Alimwambia Karani?

"Dada, cheti ni cheti. Hiyo ni serikali ya Uingereza, si ya kubahatisha."

Ujumbe huo ulinifikia Jumapili usiku kutoka kwa ndugu mmoja wa Kisauni, Mombasa, ambaye baba wa bibi yake alikuwa Mzungu wa reli. Kahangaika mwenyewe, kaagiza cheti cha ndoa ya huyo Mzungu, kakilipia kwa kadi, kikamfikia kwa posta. Ndoa ya kanisani, Leeds, Uingereza, 1897. Kwenye safu ya baba wa bwana harusi pameandikwa jina kamili, na pembeni yake, kazi: "Gentleman".

Furaha ilioje. Maana marehemu bibi yake alikuwa akiwaambia tangu utotoni kwamba baba yake hakumjua aliyemzaa, kwamba alizaliwa nje ya ndoa akalelewa na wazazi wa mama yake. Sasa cheti kimemkanusha bibi. Ukoo una baba, tena baba wa hadhi, na mimi natakiwa nitafute jumba lake.

Sijui hii ni mara ya ngapi. Nafanya kazi hii ya kufukua nasaba kwenye makabrasha ya Waingereza kwa miaka mingi, na hakuna kinachonichosha kama imani hii kwamba karatasi ya Mzungu haisemi uongo. Bibi aliyekulea, aliyeongea na mwenyewe ana kwa ana, unamdai ushahidi. Karani wa Leeds aliyekwisha kuoza kaburini unamwamini, wala hujamuuliza alisikia kwa nani.

Basi tumuulize.

Karani mwenyewe ni padri aliyejaza daftari lile la ndoa, na hakuwa mpelelezi. Hakudai cheti cha kuzaliwa wala kitambulisho. Alimgeukia kijana aliyevaa suti ya kuazima na kumuuliza: baba yako anaitwa nani, anafanya kazi gani? Nyuma ya kijana wamesimama wakwe, mashahidi, na bibi harusi mwenyewe. Wewe ungesema nini? Ungejibu "sina baba" mbele ya mama mkwe?

Wengine walijibu hivyo, Mungu awalipe, na safu ikaachwa wazi au ikapigwa mstari. Wengi walitaja jina. Wapo waliotaja la babu mzaa mama, maana ndiye aliyewalea na ubini wake ndio wao. Wapo waliotunga mtu: ubini wa mama, jina la kwanza lolote, na neno "marehemu" ili maswali yaishie hapo. Na wapo waliomtaja baba wa kweli lakini wakambandika ubini wa mama, ukweli nusu na uongo nusu. Hao ndio wanaonipotezea siku nyingi zaidi, kwa sababu mtu huyo alikuwepo ila hakuwahi kuitwa hivyo.

Na huyo "Gentleman"? Kwa maana ya zamani ni mtu anayeishi kwa mali yake bila kufanya kazi. Kwenye vyeti vya ndoa vya karne ya 19 anaweza kuwa mchinja nyama aliyestaafu, au marehemu ambaye hakuna wa kumbishia. Nimekutana na mabwana wa namna hiyo ambao sensa iliyotangulia inawaonyesha wakisukuma mkokoteni. Hakuna aliyefungwa kwa kumpandisha baba yake cheo siku ya harusi.

Halafu angalia kisichokuwepo. Cheti cha ndoa cha Uingereza na Wales hakikuuliza jina la mama. Tangu fomu hiyo ianze Julai 1837 hadi Mei 2021, miaka 183 na ushei, waliandika baba tu. Yule mmoja ambaye kila mtu ana hakika naye, ambaye majirani walimwona tumbo likikua, hakuulizwa, na aliyeulizwa ni yule wa kusadikiwa. Kila nikifungua daftari la ndoa hunipanda hasira hiyo hiyo.

Niliiacha ndoa nikaenda kwenye sensa ya 1881, iliyofanyika usiku wa tarehe 3 Aprili. Nyumba ya kupanga, Leeds. Mkuu wa kaya, fundi viatu. Mke wake, miaka 54. Binti, miaka 24, hajaolewa, kibarua wa kiwanda cha nguo. Na mwisho wa orodha kijana wetu, miaka 4, ameandikwa "Son", mwana, wa mkuu wa kaya.

Fanya hesabu taratibu. Mama ana 54, mtoto ana 4. Alimzaa akiwa na miaka 50? Huwa inatokea, lakini mimi nikiona pengo hilo na binti mkubwa asiye na mume ndani ya nyumba hiyo hiyo, siendi mbali. Nikatafuta cheti cha kuzaliwa: 1876, mama ni yule binti wa kiwandani, safu ya baba ina mstari mtupu. Aliyetoa taarifa ni mama mwenyewe, na kwa kuwa hakujua kuandika aliweka alama ya X. Na jina la fundi viatu? Ndilo lile lile la "Gentleman" wa 1897.

Sasa wapo watakaosema: kumbe sensa ndiyo ya kuaminika. Hapana! Sensa hiyo hiyo imetudanganya kwamba mtoto ni wa bibi yake. Ninachosema ni kwamba kila karatasi ina mtu aliyesema, na kila aliyesema alikuwa na sababu yake siku ile. Mama aliyeweka X alikuwa na sababu ndogo ya kujizushia aibu, ndiyo maana namsikiliza zaidi. Hata yeye simwamini kuhusu tarehe. Sheria ilitaka mtoto aandikishwe ndani ya siku 42, na aliyechelewa alijitafutia usumbufu, kwa hiyo wachelewaji wengine waliisogeza mbele tarehe ya kuzaliwa. Ndipo unapowakuta watoto waliobatizwa kabla hawajazaliwa. Daftari la kanisa linasema amebatizwa tarehe 2, cheti cha serikali kinasema amezaliwa tarehe 9.

Nikae kwenye umri kidogo, maana hapo ndipo ninapogombana na watu. Sensa ya 1841 ndiyo ya kwanza kitaifa iliyotuachia majina ya watu kwa wingi, na makarani wake walielekezwa kwamba mtu aliyepita miaka 15 umri wake ushushwe hadi kwenye tano iliyo chini. Mwenye 39 anaandikwa 35. Mwenye 24 na mdogo wake mwenye 21 wote ni 20, na hapo watu hunitangazia kwamba wamepata mapacha. Isitoshe, makarani wengine hawakufuata maelekezo wakaandika umri halisi, kwa hiyo huwezi hata kuligeuza kosa kuwa kanuni. Ukija 1851, yule wa 35 ana 49. "Si yeye," naambiwa, "mtu haongezeki miaka 14 ndani ya miaka 10." Kwa Mwingereza wa 1841 anaongezeka.

Ireland ni kichekesho zaidi. Pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909, shilingi 5 kwa wiki, kwa waliofikisha 70. Linganisha sensa ya 1901 na ya 1911 uone wazee waliozeeka kwa kasi ya ajabu kati ya hizo mbili. Na vijana wa vita ya 1914 waliongeza miaka upande wao ili wapewe bunduki. Kila umri una soko lake.

Wala tusiwacheke. Hesabu wazee wetu wenye tarehe 1 Januari kwenye vitambulisho. Wote hawakuzaliwa siku moja; karani aliuliza, mzee akataja mwaka wa njaa au wa vita, karani akakisia na kusonga mbele. Kipande cha Kenya ya kikoloni nacho kilijazwa na afisa anayemtazama mtu usoni. Nikiletewa kipande kama ushahidi wa mwaka wa kuzaliwa, huuliza kwanza huyo afisa alikuwa na haraka kiasi gani.

Mengine nayapitisha haraka kwa sababu nimeyasema hadi sauti imekauka. Tahajia ya ubini: haikuwa na maana yoyote. Sahihi sita za Shakespeare zilizobaki hazifanani tahajia, na wewe unamkataa babu kwa sababu ya herufi moja? Watu wa London waliimeza H, karani akaandika alichosikia, kwa hiyo Hayes mtafute pia kwenye A. Kalenda: kabla ya 1752 mwaka wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo mtoto anaweza kubatizwa Novemba 1720 na kuzikwa Februari 1720, na kila kitu kiko sawa. Mafaili ya askari wa vita ya kwanza: zaidi ya nusu yaliteketea kwa mabomu Septemba 1940. Sensa ya 1931 ya Uingereza na Wales iliungua Desemba 1942, na ya 1941 haikufanyika. "Hayupo mtandaoni" si "hayupo". Ulichotafuta ni faharasa, na faharasa imechapwa na mtu aliyesoma mwandiko wa karani wa sensa, ambaye naye, hadi 1901, alikuwa ananakili karatasi za wenye nyumba zilizokwisha kutupwa. Ni watu watatu hao kabla hujamfikia babu yako.

Halafu kuna Emily Davison, yule mama wa harakati za kura ya wanawake. Usiku wa sensa ya 1911 alijificha kabatini ndani ya majengo ya Bunge ili aandikwe mkazi wa huko. Wakamwandika. Mwenye nyumba wake naye akamwandika alikokuwa amepanga. Mtu mmoja, usiku mmoja, mahali pawili, na zote ni karatasi halali za serikali. Nikibishiwa sana, hutuma kisa hicho na kulala.

Lakini nisijifanye mjuzi kupita kiasi. Leeds hiyo hiyo kuna kijana mwingine mwenye jina na ubini uleule, amezaliwa 1874, mwana halali wa ndoa. Kwa nini nimemchagua wa 1876? Kwanza, cheti cha ndoa cha 1897 kinasema bwana harusi ana miaka 21. Naam, nimetoka kuwaambia msiamini umri wa kwenye cheti, na sasa nauegemea. Pili, jina la "Gentleman" linalingana na fundi viatu, wakati baba wa yule mwingine anaitwa vingine kabisa. Hoja ya pili ina uzito, ila ni jina la kawaida mno: ukitupa jiwe Leeds linampata mwenye jina hilo. Tatu, bibi wa Kisauni. Bila maneno yake nisingetafuta mtoto mwenye safu tupu. Ningekwenda moja kwa moja kutafuta jumba. Ukiniuliza kama naamini, naamini. Ukinitaka niape, siapi.

Nina sababu ya kuogopa. Miaka ya nyuma niliipandishia familia moja mti wa ukoo wa vizazi vinne juu ya mtoto aliyeonekana kufaa kwa kila hali: jina, parokia, mwaka. Nilikuwa sijafungua daftari la maziko. Mtoto yule alizikwa akiwa na miaka miwili. Walikuwa wameshauchapa ule mti kwenye fulana za mkutano wa ukoo. Tangu siku hiyo, nikipata mtu anayefaa, kazi yangu ya kwanza ni kujaribu kumuua.

Nilimtumia ndugu wa Kisauni picha ya ukurasa wa 1881 na cheti cha kuzaliwa, nikaongeza na sensa ya 1901, ambayo alikuwa hajaiona. Yule bibi harusi wa 1897 yuko kwa wazazi wake, na hali yake ya ndoa imeandikwa "Widow". Mjane. Mwaka huo mumewe alikuwa Mombasa, mzima, anakula mshahara wa reli. Ni jibu la kawaida la mwanamke aliyeachwa bila talaka, kwani talaka ilikuwa ya wenye fedha.

Alikaa kimya siku mbili. Kisha ikaja sauti ya dakika nne. Jumba hakulitaja tena. Alisema amekumbuka kitu: bibi alikuwa akisimulia kwamba kila mwisho wa mwaka baba yake alipata barua kutoka kwa mwanamke wa Ulaya, akaisoma barazani peke yake, na jioni hiyo hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Yaani mjane alikuwa akimwandikia marehemu. Nikamuuliza upesi hizo barua ziko wapi.

"Mchwa, dada."