Padri aliyechafua Injili za Lindisfarne

Kazi yangu ni kuhifadhi vitabu vya kale, na kuna marehemu mmoja ambaye nisingemruhusu akanyage chumba changu: Aldred, padri wa Chester-le-Street, kaskazini mwa Uingereza. Kati ya mwaka 950 na 970 hivi alizichukua Injili za Lindisfarne, kitabu cha Injili nne kilichoandikwa kwa mkono katika kisiwa cha Lindisfarne, zikiwa tayari na umri wa zaidi ya miaka 200, akajaza tafsiri ya Kiingereza cha kale juu ya kila neno la Kilatini. Tena kwa wino!

Ila ndiye aliyetuachia majina. Mwishoni mwa Injili ya Yohana aliandika kwamba mwandishi ni Eadfrith, askofu wa Lindisfarne aliyefariki 721. Kwamba Ethelwald alikijalidi kitabu. Na kwamba Billfrith, mtawa aliyeishi peke yake, alilipamba jalada kwa dhahabu, fedha na vito. Wapo wataalamu wanaouliza aliyajuaje ya karne mbili nyuma. Mimi namwamini. Wenzake walikuwa warithi wa watawa waliokihama kisiwa mwaka 875 kwa kuwahofia Waviking, wavamizi wa Skandinavia, na habari za aina hiyo hazikosi msimulizi.

Huyo Eadfrith, kama ndiye, alikuwa fundi hasa. Geuza ukurasa wenye nakshi, angalia mgongoni: utaona vitundu vya ncha ya bikari na mistari iliyochorwa kwa ncha ya madini ya risasi. Alipanga mchoro upande wa nyuma, akapaka rangi upande wa mbele wa ngozi ya ndama. Buluu yake ilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa ya jiwe la thamani kutoka Afghanistan. Vipimo vikaonyesha ni nili ya mimea tu.

Karne ya 17 kitabu kiliangukia kwa Sir Robert Cotton, mkusanyaji wa vitabu vya kale aliyepanga makabati yake chini ya sanamu za watawala wa Roma. Ndiyo maana hadi leo, katika Maktaba ya Uingereza, kinaitwa Nero D IV: kabati la Nero, rafu D, kitabu cha nne. Mwaka 1731 maktaba ya Cotton ilishika moto, hiki kilinusurika. Jalada la vito lilishapotea zamani, la sasa ni la karne ya 19.

Na Aldred alitaka nini? Kupokelewa katika jumuiya ile ya warithi wa watawa. Anaeleza mwenyewe: kazi ya Mathayo aliifanya kwa ajili ya Mungu na Mtakatifu Cuthbert, askofu wa kale wa Lindisfarne, ya Marko kwa ajili ya askofu, ya Luka kwa ajili ya jumuiya, akiongezea ora nane za fedha, kipimo cha enzi hizo. Ya Yohana ilikuwa kwa ajili ya roho yake.