Fedha zikipungua, mweka hazina wa chama humwendea nani?

Nikipewa hesabu za chama cha siasa nizisome, sianzi na matumizi. Matumizi yanafanana karibu kila mahali: mishahara, kodi ya ofisi, mikutano, na kampeni inayomeza kila kitu mwaka wa uchaguzi. Naanza na mapato, nikitafuta jambo moja: siku fedha zikipungua, mweka hazina atamwendea nani? Jibu lake hunieleza chama kinamsikiliza nani kuliko ilani yote ya uchaguzi.

Fedha za vyama hujadiliwa zaidi kama suala la wizi na hongo. Hiyo ni nusu ya habari. Chama kina kazi isiyo na mwingine wa kuifanya: kuchukua madai yanayogongana, la anayetaka kodi ishuke na la anayetaka hospitali zaidi, na kuyafanya sera moja inayoweza kupigiwa kura. Huteua wagombea, huandaa viongozi, na huibana serikali katika miaka ile mirefu ambayo hakuna uchaguzi. Ni miaka hiyo hasa ambayo wafadhili hawapokei simu.

Ndiyo sababu ya ruzuku. Uruguay ilianza kuwapa vyama fedha za umma mwaka 1928, na leo nchi nyingi hufanya hivyo. Ruzuku humpunguzia tajiri nguvu ya kukinunua chama, na hilo si jambo dogo. Lakini ina ugonjwa wake. Chama kinacholipwa kwa kura za uchaguzi uliopita kinaweza kuwasahau wanachama wake hadi uchaguzi ujao. Matawi yanalala, ada hazikusanywi, na makao makuu hayaoni hasara. Chama kipya nacho huanza mikono mitupu, huku wanaotunga kanuni ya mgawo wakiwa ni wale wale walioko bungeni.

Italia ilionja uchungu huo. Mwaka 1993 zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura ya maoni walikataa ruzuku. Wanasiasa wakairudisha wakiiita marejesho ya gharama za uchaguzi, na ikachukua miaka mingine ishirini kuiondoa. Sasa mlipakodi huamua mwenyewe kama sehemu mbili kwa elfu za kodi yake ya mapato ziende kwa chama anachokitaja.

Kwangu mimi, waliofikiri kwa kina zaidi ni Wajerumani, na walisukumwa na majaji. Mwaka 1992 Mahakama ya Katiba ilikubali serikali ichangie shughuli za kawaida za vyama, ila kwa sharti: chama kisipate kutoka serikalini zaidi ya kile kilichokusanya chenyewe. Juu ya malipo ya kila kura, sheria huongeza senti 45 kwa kila yuro ya ada au mchango, ikihesabu yuro 3,300 za kwanza tu za kila mtu kwa mwaka. Angalia ujanja uliomo. Mchango wa kampuni hauongezewi chochote, lakini yuro kumi za mwanachama wa kawaida zinavuta ruzuku nyuma yake. Mweka hazina analazimika kubisha milango mingi. Mwaka 2018 wabunge walipandisha kiwango cha juu cha ruzuku ya vyama vyote hadi yuro milioni 190. Januari 2023 mahakama ile ile ikalifuta ongezeko hilo kwa kukosa sababu za kutosha.

Sisemi kwamba huko hakuna uchafu. Kuanzia mwishoni mwa 1999 ilifichuka kwamba CDU, chama cha kihafidhina cha Ujerumani, kilikuwa na akaunti za siri, na Helmut Kohl, aliyekuwa kansela miaka 16, alikataa kuwataja waliompa fedha hadi alipofariki mwaka 2017. CDU kiliamriwa kurudisha takriban mark milioni 41 za ruzuku (mark ndiyo sarafu ya Ujerumani kabla ya yuro), kwa sababu tawi lake la jimbo la Hessen lilikuwa limeficha mali nje ya nchi na hesabu zikatoka za uongo. Ruzuku iliipa serikali kamba ya kuvuta. Bila hiyo, chama kingeadhibiwa kwa kunyimwa nini?

Kuna nchi zinazotegemea vikomo. Ufaransa ilipiga marufuku michango ya kampuni mwaka 1995, na mtu mmoja hawezi kuvipa vyama zaidi ya yuro 7,500 kwa mwaka. Marekani vikomo vya michango vipo, lakini tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2010 kampuni na vyama vya wafanyakazi hutumia watakavyo, mradi wasishirikiane na mgombea. Ukikibana chama peke yake, fedha hupita pembeni, kwa makundi yasiyo na wanachama wala mkutano mkuu wa kuyauliza.

Halafu kuna suala la wakati, ambalo wengi hulipuuza. Ujerumani, mchango unaozidi yuro 35,000 lazima utangazwe mara moja. Unaozidi 10,000 husubiri taarifa ya mwaka, na taarifa hiyo hutolewa mwaka unaofuata. Mpigakura huyasoma majina ya wafadhili hao wakati serikali imeshaundwa.