Mwanya katika hadithi za vibonzo

Katika hadithi ya vibonzo, ambayo wasomaji wengi wa Nairobi huiita komiki, mwanya ni ile nafasi nyembamba, aghalabu nyeupe, inayotenganisha kisanduku kimoja cha picha na kinachofuata. Hapachorwi kitu hapo wala hapaandikwi neno. Hata hivyo, mtu akiniuliza dukani ni sehemu gani ya ukurasa inayoifanya komiki kuwa sanaa inayojitegemea, humwonyesha nafasi hiyo kabla ya kumwonyesha mchoro wowote.

Kiswahili hutofautisha pengo, linalobaki jino linapong'oka, na mwanya, ule uwazi baina ya meno mawili ya mbele ambao Waswahili huuhesabu kuwa urembo. Mwenye pengo amepungukiwa. Mwenye mwanya ameongezewa. Tofauti hiyohiyo ndiyo inayompambanua mchoraji aliyeiva na anayejifunza, kwa kuwa wa kwanza huacha mianya, na wa pili huacha mapengo ambamo msomaji hukwama akitafuta jambo ambalo lilipaswa kuchorwa.

Tuchukue ukurasa wa kufikirika. Katika kisanduku cha kwanza, utingo ananing'inia mlangoni mwa matatu inayoondoka na kumnyoshea mkono mtu anayekimbia. Katika kisanduku cha pili, kiatu kimoja kimelala juu ya lami. Hakuna aliyechora kilichotokea kati ya picha hizo mbili, lakini msomaji amekwisha kukiona, na huenda hata amesikia breki. Mmoja atadhani mtu ameumia, mwingine atacheka. Mchoraji akiongeza kisanduku cha tatu, kinachoonyesha abiria ameketi dirishani akihema, mguu mmoja ukiwa na soksi tupu, basi kile kiatu cha lami hubadilika maana kwa kurudi nyuma, ingawa mstari wake hata mmoja haujaguswa. Filamu ingetuonyesha mruko wenyewe, na riwaya ingetusimulia. Komiki humwachia msomaji aufanye.

Scott McCloud, mchoraji wa Marekani, katika kitabu cha mwaka 1993 ambacho chenyewe kimechorwa kama komiki, aliigawa mivuko hiyo katika aina 6: kutoka nukta moja ya wakati hadi nyingine, tendo hadi tendo, mhusika hadi mhusika, mandhari hadi mandhari, sura moja ya hali ileile hadi sura nyingine, na mwisho mruko usio na uhusiano wa wazi. Aina ya tano ndiyo ambayo wateja wangu hufunua haraka mno. Paa la bati, kisha mtaro uliojaa, kisha mwavuli uliopinduka: saa haijasogea, hakuna aliyetenda lolote, na bado mvua imenyesha. McCloud alionyesha kwamba wachoraji wa Japani huitumia aina hii zaidi ya wenzao wa Marekani.

Vitabu vya Japani vina jambo jingine linalohusu mianya, yaani mwelekeo wa kuivuka. Vingi huchapishwa kwa mpangilio wake wa asili, ambapo visanduku husomwa kuanzia kulia kwenda kushoto, na msomaji asiyejua hilo huviona kama nakala iliyojalidiwa vibaya. Simlaumu anayekuja kuirudisha.

Dhana hii pia husaidia kuchora mipaka. Katuni ya kisiasa ya Gado, kwa kawaida yenye picha moja, ni kazi kubwa ya sanaa, na vivyo hivyo sura zilizopakwa ubavuni mwa matatu zetu, ila picha iliyo peke yake haina mwanya wa kuvuka. Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyesomwa kwa miaka mingi katika Taifa Leo, alikuwa nao, na naamini visanduku vile vichache vya gazeti viliwafunza Wakenya wengi ustadi huu bila wao kujua kuwa wanafunzwa. Jarida la Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, na Shujaaz, lililoanza mwaka 2010 kwa Sheng, waliwakuta wasomaji ambao tayari walijua kuruka.

Upana wa mwanya nao una kazi. Visanduku vilivyosongamana huharakisha jicho, na uwazi mpana hulituliza. Niliwahi kupokea nakala za kijitabu ambazo mpiga chapa, kwa nia njema ya kutopoteza karatasi, alikuwa amezipanua picha hadi zikagusana. Mazishi yaliyochukua kurasa 2 yakasomeka kama mbio za kuwania basi. Mwanya mkubwa kupita yote ni ule wa kufunua ukurasa, ndiyo maana mchoraji mzoefu huweka mlango unaofunguka mwishoni mwa ukurasa wa kulia, na aliye nyuma ya mlango humficha upande wa pili wa karatasi. Katika komiki za simu za mtindo wa Korea Kusini hakuna karatasi ya kufunua. Uwazi hurefushwa kwenda chini, na kidole hulazimika kuteleza juu ya weupe mtupu kabla uso haujatokea.

Mteja huniambia mara kwa mara kwamba bei haiendani na kitabu cha picha alichokimaliza kwa dakika 10. Humwomba arudie ukurasa mmoja tu, akisimama kwenye kila weupe ajiulize nini kimepita hapo. Wengine hukirudisha rafuni. Wengine husimama pale hadi nifunge duka, na hao siwaharakishi.